Majina Yaliyovuka Korongo

Tumepata! Haya, nimeshasema. Nilipanga niwasimulie kwa utaratibu kama mtu aliyesoma, lakini ningepasuka. Barua imefika leo asubuhi: Oltulelei tumepata kituo cha afya, chenye wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji, na kitajengwa Ng'ambo. Sasa ngoja nivute pumzi nirudi nyuma.

Oltulelei ni mji wetu mdogo, upande wa magharibi wa Mlima Meru, ule upande ambao mvua inatuchungulia tu halafu inakwenda zake kunywesha migomba ya Wameru. Mlima umetukalia kichwani upande wa mashariki, kwa hiyo hata jua linachelewa kutufikia. Jina limetokana na kile kichaka cha miiba chenye matunda ya njano ambacho hata mbuzi wanakikwepa. Tuna barabara moja ya vumbi, soko la Alhamisi, mashine ya kusaga, makanisa mawili, na korongo.

Korongo ndilo lenye kesi. Karibu mwaka mzima ni mchanga mkavu, ng'ombe wanavuka, wanafunzi wanavuka, mimi nimewahi kuvuka na viatu vya harusi. Lakini mvua ikipiga mlimani, hata kama kwetu jua linawaka, yanashuka maji rangi ya chai ya maziwa yakiviringisha mawe, na mji wetu unakuwa miji miwili. Upande wa barabara wanabaki na gari la kuwapeleka hospitali Arusha. Upande wa Ng'ambo wanabaki na Mungu. Binamu yangu Nashipae, mwalimu wa kwaya ya usharika, alijifungua pale ukingoni chini ya turubai la bluu, akisubiri maji yapungue. Mtoto mzima kabisa, amebatizwa Elifuraha, lakini mji mzima tunamwita Turubai.

Mimi ni Silantoi. Nimekulia Sakina, Arusha mjini, baba yangu ni fundi wa malori, na Oltulelei nilikuwa naijua ya likizo: maziwa mgando, mbuzi, na koko Nosim. Koko ndiyo bibi kwa lugha yetu, na huyu ndiye aliyemzaa baba. Mwaka jana nimemaliza shahada ya jiografia, kazi sijapata, nikaona badala ya kukaa nyumbani naangalia simu, nije nijitolee ofisi ya mji.

Si ndo mwezi wa pili halmashauri ikatangaza! Kituo kimoja cha afya, miji midogo miwili inayoomba: sisi na Njiapanda. Sharti ni orodha ya wakazi, wasipungue elfu sita, iwe imefika ofisini Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tatu saa sita mchana. Kama wote tumefika elfu sita, anapewa aliye mbali zaidi na hospitali, na kwa hilo Njiapanda hawatuwezi, wenyewe wanakaa lami. Tukipungua, wanachukua wao.

Nikapewa kazi mimi. Jamani nilivyojiona! Kishikwambi mkononi, kofia, chupa ya maji. Nikazunguka boma kwa boma wiki mbili. "Shikamoo mama. Mnaishi watu wangapi hapa?" Naambiwa wanne, naandika wanne. Naambiwa wawili, naandika wawili. Nikachora na ramani ya rangi, korongo la bluu, vitongoji vya kijani. Nikapeleka nakala ya awali kwa Bi. Irine, mchumi wa halmashauri, mama mmoja wa Njiro anayevaa miwani ya kamba. Watu 4,316.

Siku niliposoma namba ile mbele ya mkutano, mwenyekiti wa mji, mzee Lemomo, aliniangalia, akageuka akaangalia soko.

"Silantoi mwanangu. Elfu nne?"

"Ndiyo mzee. Nimepita boma kwa boma."

"Hao waliokaa hapa kwenye viazi umewaingiza?"

"Wote mzee."

"Na waliokaa nyuma yao?"

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha furaha. Nashipae alikuwa amembeba Turubai mgongoni. Akaja mpaka mbele yangu. "Hongera msomi. Umetuua wengi sana bila msiba."

Hilo liliniingia. Nilikwenda kwa koko nikiwa nimevimba macho. Nikainamisha kichwa, akanigusa utosini kama anavyofanya siku zote, akaniambia kaa, mbuzi wanaingia. Jua lilikuwa linazama upande wa Monduli. Koko alisimama kwenye lango la zizi, mkono kiunoni, mbuzi wanapita miguuni kwake mmoja mmoja kama wanamwagika. Wa mwisho alipoingia akasema, "Yule mwenye sikio lililochanika hajarudi. Na mwanawe."

"Koko! Umehesabu saa ngapi?"

Akanigeukia kama nimetukana. "Nani amehesabu? Mimi sihesabu mbuzi. Nimewaona walioingia, nikamwona asiyeingia."

"Kwa nini usihesabu tu?"

"Ukihesabu kilicho hai unakionyesha kwa mabaya. Leo umesema ishirini, kesho wanakuwa kumi na tisa. Hukufundishwa hilo chuo?"

Jamani. Nikatoa kishikwambi, nikatafuta boma la koko wangu mwenyewe. Watu watatu. Watatu! Na hapo hapo uani nawaona shemeji, shangazi, wajukuu wamejaa wanamenya viazi.

"Koko, nilipokuja kukuuliza mko wangapi, ulinijibu watatu."

"Ulikuwa na haraka, nikakupa kidogo uondoke nacho."

"Sasa wako wangapi kweli?"

"Wapo," akasema. Akafunga lango la zizi. Mazungumzo yakaisha.

Nikakaa chini nikacheka mpaka machozi. Mji mzima ulinipa kidogo niondoke nacho! Akina mama wale, na heshima zao na tabasamu zao, hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kuwatia watoto wake namba mbele ya mgeni mwenye kofia. Na mimi, damu yao kabisa, nikaandika tu, kwa sababu Sakina tunahesabiana mpaka kwenye foleni ya maji.

"Koko, ukitaka nijue watoto wako bila kuwahesabu, nifanyeje?"

"Niulize majina. Jina halina ubaya. Mungu mwenyewe anawaita kwa majina, hajawahi kusema njoo wewe wa saba."

Kesho yake nikamwambia mzee Lemomo narudia upya. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Akanipa baraka zake na masharti ya koko yakapita kikaoni: hakuna kuuliza wangapi, hakuna kunyoosha kidole, na mbele ya lango la mtu hakuna kusema jumla. Ikishaingia kwenye mashine, mashine ndiyo ihesabu, yenyewe haina watoto.

Nikapata na msaidizi, Oscar, kijana wa Kimeru kutoka kwenye kahawa upande wa pili wa mlima, naye anajitolea ofisini kwetu na ana pikipiki. Huyu mdomo wake hauna breki. "Ninyi Waarusha," akasema, "kwetu ukimuuliza mama ana watoto wangapi anakuhesabia na migomba."

"Na ndiyo maana kwenu mnajua idadi mpaka ya ndizi alizokula mgeni," nikamjibu.

"Kwani alikula ngapi?"

Tukachapa kazi. Koko alikuja nasi siku tatu za kwanza, na fimbo yake, na shuka lake la mistari. Akifika langoni anawaambia wenye boma kwa Kimaasai chetu, "Huyu msichana amepata akili. Mtajieni." Na wanataja! Jamani, niliwaona akina mama wakiketi chini wakafumba macho na majina yakatoka kama maji ya bomba: Simaloi, Esther, Sifaeli, na yule aliye shuleni, na yule anayelala kwa shangazi yake. Kila karatasi juu kulia ilikuwa na nafasi ya "Mtoa taarifa," naandika jina la mama, chini orodha. Boma lililokuwa na wawili likajaza ukurasa.

Kosa langu la pili sasa, na hili mwalimu wangu wa chuo asilisikie. Msichana wa jiografia, ramani nimechora mwenyewe, korongo nimelipaka rangi mwenyewe, halafu Ng'ambo nikaiacha mwisho. Alhamisi saa tisa alasiri tukiwa tumemaliza upande wa barabara, mlima ukaingia kwenye wingu jeusi. Kwetu jua linawaka. Saa kumi tukasikia ule muungurumo. Tulipofika ukingoni maji yameshafunika mashina ya miti, Oscar akatupa jiwe, likamezwa.

"Kesho saa sita," akasema. Mara ya kwanza namsikia anaongea maneno machache.

Simu Ng'ambo zinashika ukipanda juu ya kichuguu, na ukiwa na bahati. Nilipiga kumi na nne. Ya kumi na tano Nashipae akapokea, nikamwambia kila kitu.

"Kesho kukipambazuka uwe ukingoni," akasema. "Njoo na kalamu nyingi."

Tulipofika asubuhi, maji yalikuwa yamepungua kelele lakini si kina, bado hakuna mtu wa kuvuka. Na ng'ambo, jamani, ng'ambo kulikuwa kumejaa. Akina mama wa Ng'ambo nzima wamesimama kwa mistari kama kwaya siku ya uimbaji, mashuka mekundu na ya bluu na zambarau, na mbele yao Nashipae ameshika kile kipaza sauti cha betri cha usharika. Mama mmoja mmoja anamsogelea, anamnong'oneza, na Nashipae anapaza:

"Simaloi wa mama Catherine!"

Na wote: "Yupo!"

"Sifaeli wa mama Catherine!"

"Yupo!"

Oscar anaandika ukurasa, mimi naandika unaofuata, tunapokezana. Kila boma likiisha nanyanyua kalamu juu, Nashipae anaita linalofuata. Mwanzo ilikuwa kuita tu. Lakini huyu ni mwalimu wa kwaya, atafanyaje? Kufika boma la ishirini sauti zikaanza kupanda na kushuka, mabega yakaanza kutikisika, ile "Yupo!" ikapata sauti ya pili na ya tatu. Upande wetu watu wakaacha shughuli zao wakaja kusikiliza. Mzee Lemomo alivua kofia yake. Maji yanapita katikati na mawe yake, na juu yake wanapita watu, jamani, watu wazima na watoto, mji mzima unavuka kwa sauti. Nilikuwa nalia na kuandika, wino unachafuka, Oscar ananipiga kiwiko: "Usimlowanishe Magdalena, hatasomeka."

La mwisho, Nashipae akamgeuza mtoto wa mgongoni akamwinua juu.

"Elifuraha wa Nashipae!"

"Turubai!" tukajibu pande zote mbili. "Yupo!"

Saa tatu na nusu. Oscar alivyoendesha ile pikipiki sitaki baba yangu ajue. Saa tano tuko halmashauri, tukaomba meza, tukaingiza majina ya mwisho, Oscar akabonyeza jumla.

5,702.

Akabonyeza tena. 5,702.

Nilikuwa nasikia "Yupo!" bado masikioni, na ile namba imekaa pale kwenye kioo inanitazama. Tulikuwa pungufu watu karibu mia tatu. Oscar akasema taratibu, "Peleka hivyo hivyo, Silantoi. Tusichelewe juu ya kupungua."

Bi. Irine alipokea orodha, akagonga muhuri saa tano na dakika arobaini. "Kilichomo humu ndani ndicho nitakachohakiki," akasema. "Hakuna kuongeza karatasi." Akafunua, akashusha miwani. "Silantoi, mwezi huu huu uliniletea elfu nne. Sasa karibu elfu sita. Huko Oltulelei mnazaana kwa simu?"

"Mama, kila mtu hapo ana jina lake."

"Majina hata mimi naweza kutunga." Akapekua. "Boma hili lilikuwa na watu watatu. Leo kumi na sita. La nani hili?"

"La bibi yangu."

"Vizuri. Tunaanzia hapo. Kabla sijawaandikia kwamba hamkufika, nataka nione hata hao mliowaandika kama wapo."

Saa nane gari la halmashauri likasimama langoni kwa koko, mimi na Oscar nyuma yake na pikipiki. Bi. Irine akashuka na viatu vyake vya ofisini, akatoa shikamoo safi kabisa, akafungua karatasi, akanyoosha kidole kuelekea watoto. "Moja, mbi..."

Koko alikuwa ameshamfikia. Akakishika kile kidole kwa upole, akakikunja kiingie kwenye kiganja. "Mwanangu, hiki kifunge. Umeletewa majina, ita majina."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Bi. Irine akacheka, akakiacha kidole kimekunjwa, akaanza kuita. Na watu wa boma letu walishasikia habari za asubuhi, wanaitika "Yupo!" huku mwenyewe akitokeza: mmoja jikoni, mmoja zizini, shangazi anafuta mikono, mtoto wa mwisho anasukumwa kwa matako. Wote kumi na sita. Bi. Irine akatia alama ya mwisho, akavua miwani.

"Wapo kweli," akasema. Halafu akamtazama koko. "Na wewe mama? Wewe mbona hupo?"

"Mimi niko hapa."

"Kwenye orodha hupo."

Koko akamshangaa. "Mtu anajitajaje mwenyewe? Huyu alikuja kwangu, tumekaa, ameniona. Nimemtajia wale asiowaona."

Nikamwangalia Oscar. Oscar akaniangalia. Nadhani tulipiga kelele pamoja.

"Juu kulia!" nikasema. "Mama, angalia juu kulia! Mtoa taarifa!"

Pale palikuwa na jina la Nosim kwa mwandiko wangu, limekaa peke yake juu ya orodha, na chini halimo. Bi. Irine akafunua boma la mwisho kabisa. Juu Nashipae, chini hayumo. La kabla yake, hivyo hivyo. Mama wa kila boma alitaja boma lake lote na kujiacha mwenyewe nje, na mimi nikaiambia mashine ihesabu orodha tu. Akina mama wa mji mzima, jamani! Wenyewe ndio wanaotafutiwa wodi, na hawakuwemo hata mmoja!

Bi. Irine alikaa kwenye kigoda cha koko, akaomba maji, akapitia karatasi zote mpaka saa kumi na moja, anapiga mstari, anageuza. Muhuri wake mwenyewe uko juu ya kila ukurasa, kwa hiyo hakuna kilichoongezwa, ni kusoma tu kilichokuwepo. Boma moja mama mmoja. Mzee Lemomo alikuja, akakaa. Nashipae akavuka, maji yalikuwa yamepungua mpaka mapajani, amelowa mpaka kiunoni, akasimama na Turubai mgongoni. Alipomaliza, Bi. Irine aliandika namba kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akaniwekea mkononi.

Nikafungua. Nikafunga. Nikaruka juu kama mbuzi.

Namba yenyewe msiniulize! Najua mnataka, na mimi ulimi unaniwasha vibaya sana, lakini koko yuko hapa karibu na nilimuahidi. Iko kwenye barua, barua iko kwa mzee Lemomo, mkitaka nendeni mkaisome kwa macho. Mjue tu kwamba imepita, na imepita kwa akina mama.

Leo barua ilipofika nilikimbia nayo mpaka ukingoni. Korongo lilikuwa limejaa tena, nikamwona Nashipae ng'ambo anaanua nguo.

"Nashipaeee! Tumepata!"

"Msomi!" akapaza. "Umetufufua!"

Na nguo zote akazitupa chini, na vigelegele vikaanza boma kwa boma kupanda kule juu kuelekea msituni, mpaka sikuweza tena kujua vinatoka wapi.

Nilimkuta koko langoni pa zizi. Nikainamisha kichwa, akanigusa. Niliisikia ile namba imenijaa mdomoni, imebonyea mashavuni.

"Tumetosha?" akauliza.

"Tumetosha, koko."

Akatikisa kichwa mara moja, akarudisha macho kwa mbuzi. "Sogea basi, unamziba mwenye sikio lililochanika. Amerudi na mwanawe."